Maziwa yaliyomwagwa Munyaka: kukamua, chupa, na mama anayerudi kazini

Binti wa dada yangu ameolewa Eldoret na anakaa Munyaka, mtaa ulio upande wa Kapsoya. Waliowahi kufika huko waijua baridi yake. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na sisi tuliozoea kulala feni ikizunguka, usiku wa kwanza tu twaomba blanketi la pili. Binti alipojifungua mtoto wake wa kwanza, dada yangu alipanda basi kutoka Mombasa, karibu kilomita 800, akaenda kumwangalia mzazi mpaka arubaini. Arubaini ikaisha, akabaki. Likizo ya binti ni miezi mitatu, na baada ya hapo nani angekaa na mtoto?

Binti akarudi kazini, yeye ni keshia katika duka la jumla mjini. Siku ya nne alinipigia simu usiku akilia.

"Mama mdogo, maziwa yangu yamemwagwa."

Nilidhani chupa imeanguka. La. Alikuwa amekamua alfajiri baada ya Swala, akayaweka kwenye friji, akaenda zake kazini. Mchana mama yake alipoitoa chupa aliona maziwa yamejigawa: juu tabaka zito la manjano, chini majimaji yenye rangi ya samawati. Akasema haya yamelala na yameharibika, hayampasi mtoto. Akayamwaga kwenye sinki, kisha akamtuma dada wa kazi akanunue maziwa ya kopo. Kilichomwuma binti zaidi ni kwamba yale yalikuwa maziwa ya siku mbili, aliyoyakusanya kidogo kidogo akiwa amejificha kwenye stoo ya duka.

Nimemwomba ruhusa niyaandike haya, bila jina lake, kwa sababu kisa hiki si cha nyumba moja. Dada yangu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Amelea watoto sita, wote kwa kifua, na hajawahi kukamua isipokuwa matiti yalipomjaa na kumwuma. Kwake yeye maziwa ya mama hutoka titini yakaingia kinywani, hayana safari nyingine. Ni binti zetu waliolazimika kuyatafutia safari.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii na nimefanya kazi miaka kadhaa na vikundi vya akina mama huku kwetu Pwani. Ninayoyaeleza ndiyo yanayofundishwa kliniki, ila kliniki foleni huwa ndefu na muuguzi ana dakika tano.

Nianze na lile lililomwaga maziwa. Maziwa ya mama yakitulia, mafuta hupanda juu. Ni yale yale yatokeayo kwa maziwa ya ng'ombe yasiyopitia kiwandani, na watu wa Uasin Gishu wenye ng'ombe zao wangemweleza dada yangu hilo bila kusoma popote. Maziwa ya dukani hayafanyi hivyo kwa sababu mashine imeshayavuruga mafuta. Ukiichukua chupa ukaizungusha taratibu mkononi, maziwa hurudi kuwa kitu kimoja. Rangi nayo isikutishe. Yanaweza kuwa ya samawati, manjano, au hata na kijani kidogo, kutegemea alichokula mama na ni ya mwanzo au ya mwisho wa kunyonyesha. Mengine yakikaa kwenye friji hupata harufu kama ya sabuni, kwa sababu mafuta yake yameanza kuvunjwavunjwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa yenyewe. Hayo pia si maziwa mabovu, ingawa wako watoto wanaoyakataa. Yaliyoharibika kweli hunuka uchachu, na hayachanganyiki hata ukizungusha.

Muda wa kuyaweka ni huu. Maziwa mabichi yaliyokamuliwa kwa mikono safi na kuwekwa ndani ya chombo safi chenye kifuniko hukaa muda wa saa nne nje ya friji, mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25. Ndani ya friji, siku nne. Ndani ya friza iliyoganda sawasawa, miezi 6 ndiyo bora. Yakishatolewa friza yakayeyuka ndani ya friji, yatumike ndani ya saa 24, na hayarudishwi kuganda tena. Na yale mtoto aliyokwisha kuyatia mdomo yakabaki chupani, mwisho wake ni saa mbili tangu amalize kunywa, kisha ni ya kumwaga kweli.

Hapa ndugu zangu wa Pwani tusikilizane. Hizo saa nne zinamfaa aliye Munyaka. Sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu, wakati wa kaskazi chumba kinapopita nyuzi 30, tusizihesabu. Kama hakuna friji, kamua na mtoto anywe muda si mrefu, au yaweke ndani ya mfuko wa baridi wenye barafu. Na penye friji, chupa iwekwe ndani kabisa nyuma. Kwenye mlango joto huingia kila mara watoto wanapofungua kutafuta juisi.

Kuyapasha moto ni kuitia chupa ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, basi. Yasichemshwe jikoni, wala yasitiwe kwenye maikrowevu. Maikrowevu hupasha sehemu moja ikaacha nyingine, mama akagusa chupa akaiona ya kawaida, kumbe katikati pana moto wa kumwunguza mtoto ulimi.

Sasa lile la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko maziwa yaliyomwagwa. Binti alisema, "Naona yanapungua." Yalikuwa yanapungua kweli, na sababu si baridi ya Eldoret wala jicho la mtu.

Titi halifanyi kazi kama tangi la maji linalojazwa usiku likamalizwa mchana. Hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Mtoto anaponyonya, au mama anapokamua, mwili hupata ujumbe wa kutengeneza zaidi kupitia homoni iitwayo prolaktini. Homoni nyingine, oksitosini, ndiyo inayoyasukuma yatoke, na hiyo huzuiwa na wasiwasi, maumivu na aibu. Maziwa yakibaki ndani ya titi kwa muda mrefu, titi lenyewe hupunguza kazi, maana limeambiwa hayahitajiki. Hapo ndipo kopo la kwanza linapoingiza ya pili. Mtoto akipewa chupa moja ya kopo mchana na mama asikamue wakati ule, kesho titi litatengeneza pungufu kidogo. Jioni mtoto hashibi, yaongezwa chupa ya pili. Baada ya wiki tatu watu wasema, "Mama huyu hana maziwa." Alikuwa nayo.

Kwa hiyo kanuni ya anayechanganya kifua na chupa ni moja: kila mlo mtoto anaopewa kwa chupa mama akiwa mbali, mama naye akamue wakati huo huo, au karibu na hapo. Kama yuko kazini saa nane na mtoto wake hunyonya kila baada ya saa tatu, akamue mara mbili au tatu. Akirudi nyumbani, chupa iwekwe kando na mtoto apewe titi, jioni, usiku na alfajiri. Kunyonyesha usiku kuna faida ya pekee kwa sababu ndipo prolaktini inapopanda zaidi. Najua kunachosha. Hapo mume naye ana kazi ya kufanya, kubadilisha nepi na kumbeua mtoto si kazi ya kike peke yake.

Wengi huvunjika moyo siku ya kwanza ya kukamua. Unakaa nusu saa unapata vijiko vichache, unasema kumbe ndiyo haya tu. Mtoto hunyonya vizuri kuliko mkono na kuliko pampu yoyote, basi kile kilichotoka si kipimo cha kilichomo. Ndiyo sababu ni vyema mama aanze mazoezi wiki mbili kabla ya kurudi kazini, mara moja kwa siku, asubuhi baada ya mtoto kushiba, ambapo wengi hupata zaidi. Mililita 30 za leo na 30 za kesho ndizo akiba. Ila kila kilichokamuliwa upya kipoe kwanza ndani ya friji kabla ya kuchanganywa na cha jana.

Pampu ni nzuri, lakini si lazima. Mkono hufanya kazi, na hauhitaji tokeni za umeme. Osha mikono kwa sabuni. Kaa, vuta pumzi, lipashe titi kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na ulikande taratibu. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini ya titi, nyuma kidogo ya lile duara jeusi, si kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, utajichubua. Dakika chache za mwanzo hayatoki, au yatoka matone, kisha yataanza kuruka. Yakipungua hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza, kwa dakika 20 hadi 30. Yakikuuma, ujue unakosea mahali. Wengine hufanikiwa wakiangalia picha ya mtoto kwenye simu au wakinusa nguo yake, na msicheke, ni ile oksitosini.

Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita anayenyonya tu hutumia kwa wastani kama mililita 750 kwa siku nzima, wengine chini na wengine juu ya hapo. Ukigawa kwa milo minane, ni chini kidogo ya mililita 100 kwa mlo. Nataja hesabu hii kwa sababu dada yangu alikuwa akijaza chupa ya mililita 240 mpaka juu na kushangaa maziwa ya mama hayatoshi. Dalili za kushiba ziko kwenye nepi na mizani: nepi zilizolowa 6 au zaidi kwa saa 24, na mstari wa uzito unaopanda kwenye kile kijitabu cha kliniki.

Na mtoto akikataa chupa? Huyu wa Munyaka alikuwa akipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza. Kwanza, chupa isiharakishwe. Wiki tatu nne za mwanzo mtoto ajifunze titi, kisha ndipo aonjeshwe chombo kingine. Pili, asiwe mama anayempa. Mtoto asikiapo harufu ya mama anajua kitu chenyewe kiko pale, kwa nini apokee cha kuiga? Mama atoke kabisa chumbani. Ampe nyanya yake au babake, kabla njaa haijamzidi. Ashikwe akiwa ameinuka, chupa ilazwe karibu usawa na sakafu ili yasimmiminikie, apumzishwe kila baada ya mikupuo kadhaa. Chupa iliyoinamishwa humpa mtoto maziwa bila jasho, na mtoto aliyezoea mteremko hukasirikia titi linalomtaka afanye kazi.

Na kuna kikombe. Wahudumu wengi wa afya hupendelea kikombe kidogo kisicho na mdomo kuliko chupa, kwa sababu huoshwa kikatakata, hakina kona za kuficha uchafu, na hakimchanganyi mtoto na chuchu ya mpira. Humimini. Unakigusisha kwenye mdomo wa chini na mtoto mwenyewe analamba au anapiga funda. Aliyeamua chupa aivunje vipande vyote kila baada ya kutumika, aioshe kwa sabuni na brashi, kisha aichemshe.

Maziwa ya kopo si sumu, na simlaumu mama anayeyatumia. Wako wagonjwa, wako wenye dawa zisizokubaliana na kunyonyesha, wako waliojaribu kila njia. Sheria yetu ya mwaka 2012 imekataza kuyatangaza, haikukataza kuyauza. Ninachoomba ni yaingie kwa hesabu. Mpe kwanza ya mama, kisha ya kopo yajaze pengo, kila moja katika chombo chake, usije ukamwaga ya mama kwa sababu mtoto hakumaliza. Maji yachemshwe na unga ukorogwe yakiwa bado moto sana, si chini ya nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Vipimo vifuatwe kama vilivyoandikwa. Bei inauma, najua, lakini kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumnywesha mtoto njaa. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo Munyaka ni rahisi kuyapata kuliko samaki Old Town, yasubiri mpaka mwaka utimie: protini na chumvi zake ni nzito kwa figo changa, na madini ya chuma ni haba. Mama anayetumia dawa za ARV asiamue kuchanganya kwa kusikiliza majirani wala mimi. Azungumze na kliniki yake, maana wana maelekezo maalumu.

Titi likiwa gumu, jekundu, la moto na mama akashikwa na homa, asiache kukamua au kunyonyesha, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Hilo halingoji limau wala kanga ya moto.

Turudi dukani. Binti alikuwa akikamua stooni amesimama, kati ya katoni za mafuta na mchele, mlango hauna komeo. Nilimuuliza, umemwambia tajiri wako? Akasema aona haya. Nikamwambia haya hiyo si yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 71 na 72, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha au kukamulia: pasionekane na watu, pasiwe chooni, pawe na maji ya kunawa, kitu cha kuhifadhia baridi, meza ndogo na kiti. Apewe pia muda wa ziada mbali na mapumziko ya kawaida, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Wizara yatuambia mtoto asipewe chochote ila maziwa ya mama miezi sita, likizo ni mitatu. Mitatu iliyobaki yategemea vifungu hivyo viwili, na maduka mengi hayajawahi kuvisikia. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya tu ni asilimia 60. Ule wa 2014 ulipata 61. Tumesimama pale pale.

Tajiri yule hakuwa mtu mbaya, hakujua. Alitia komeo kwenye mlango wa stoo na kiti cha plastiki. Friji ilikuwa ile ya soda, na hapo likazuka jambo ambalo lingempita mtu mwingine, ila Muislamu halimpiti. Keshia mwenzake naye ananyonyesha, naye akaanza kuweka chupa zake mle mle.

Kwetu maziwa hujenga undugu. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa Pwani, mtoto wa chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano zilizo mbali mbali, huyo ni mamake wa kunyonya na watoto wake ni ndugu zake, hawaoani. Na si kwa titi tu. Maziwa yake yakinywewa kwa kikombe au chupa hukumu ni hiyo hiyo. Ndiyo sababu suala la benki za maziwa limewagawa wanazuoni: baraza la fiqhi lililokaa Jiddah mwaka 1985 lilizikataa, wengine kama marehemu Sheikh Qaradawi waliziruhusu. Kenya inayo ya kwanza katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, tangu 2019, kwa watoto wachanga wanaougua, na aliye na swali hilo amwone mwanachuoni. Kwa friji ya duka dawa ni karatasi na kalamu: jina, tarehe, saa. Hata kwa asiye Muislamu ni muhimu, kwa kuwa maziwa ya mtu mwingine asiyepimwa yaweza kubeba maradhi.

Dada yangu jambo hili la undugu lilimwingia kuliko maelezo yangu yote ya mafuta na prolaktini. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe mnayahesabu kama maziwa hasa." Nikamwambia ndiyo, sheria yenyewe yayahesabu hivyo tangu zamani. Siku ile ile, na mimi bado niko kwenye simu, alitoa chupa nyingine iliyojigawa, akaizungusha, akaona yamechanganyika. Akacheka.

Mtoto sasa ana miezi mitano. Kopo lile lilifunguliwa, likatumika mara chache, kisha likaisha muda wake kabatini. Chupa ya mchana anaipokea kwa nyanya yake, titi analidai mamake akifungua mlango tu, hata kabla hajavua buibui. Lebo za kwenye friji ya nyumbani anaziandika dada yangu mwenyewe. Kama wengi wa rika lake, yeye Kiswahili chake ameandika maisha yote kwa herufi za Kiarabu, basi jina la mjukuu liko hivyo kwenye kila chupa, na dada wa kazi, ambaye hazijui herufi hizo, asoma tarehe na saa peke yake na kuanza na ya zamani.